Mashine ya kukereza: kisu si hatari kuliko kinachozunguka

Anayesimama mbele ya mashine ya kukereza, ile inayozungusha kipande cha chuma au mbao ili kisu kikimenye, kwa mara ya kwanza hukiogopa kisu. Hakosei sana, maana kisu ni kikali na anakiona kikimenya chuma mbele ya macho yake. Lakini kisu cha mashine hii hakizunguki. Kimekazwa kwa bolti kwenye kishikizo chake na kinasogea pole pole, kwa kadiri fundi anavyozungusha gurudumu la mkono. Kinaweza kumkata mtu, hata mashine ikiwa imezimwa na kiwiko kikaigusa ncha yake, ila jeraha hilo kwa kawaida hushonwa likapona. Kinachoua ni kipande chenyewe kinachozunguka, ambacho kikisha kulainishwa huonekana kimetulia kana kwamba hakiendi popote.

Karibu kila sheria ya usalama ya mashine hii inatokana na mambo mawili. La kwanza, kinachozunguka hakiachii kilichokinasa. La pili, kilichobanwa vibaya hakikai mahali pake. Anayeanza akiyaelewa haya mawili kwa undani, hatahitaji kukariri bango la ukutani. Ataiona hatari mwenyewe hata mahali ambapo hakuna aliyeiandika. Na atagundua jambo ambalo mafundi wazuri wote wanalitenda hata kama hawalisemi: sehemu kubwa ya usalama inaamuliwa kabla swichi haijabonyezwa.

Kwa nini hutawahi kuuvuta mkono

Chukua shafti ya chuma yenye kipenyo cha milimita 50, inayozunguka mara 600 kwa dakika. Huo ni mwendo wa kawaida kabisa. Mara 600 kwa dakika ni mara 10 kwa sekunde, na mzingo wa shafti hiyo ni takriban milimita 157. Sasa tuseme ncha ya mkono wa shati imegusa shafti ikanasa. Tangu mtu ahisi kitu hadi misuli yake ianze kuitikia hupita takriban robo ya sekunde. Ndani ya robo hiyo shafti imezunguka mara mbili na nusu, na imekwisha kuvuta karibu sentimita 39 za kitambaa. Kwa mtu mzima, urefu huo unaanzia kwenye kifundo cha mkono na kukipita kiwiko. Ubongo unapotoa amri ya kuvuta, mkono uko tayari kwenye shafti.

Na hata ungewahi, usingeshinda. Mota ya kilowati 1.5 ikiizungusha shafti hiyo kwa mwendo huo huo inaweza kuvuta kwenye uso wake kwa kani ya takriban niutoni 950, sawa na mzigo wa kilo 97, ukiacha kinachopotea kwenye gia na mikanda. Ukikata umeme papo hapo, chaki (ile sahani nzito yenye meno inayokibana kipande) bado inaendelea kuzunguka kwa uzito wake.

Wengi hujiuliza jinsi shafti laini, isiyo na jino wala ncha, inavyoweza kunasa kitambaa. Jibu liko kwenye kujizungushia. Uzi au kitambaa kikizunguka kitu cha mviringo, kila mzunguko haujumlishi mshiko bali unauzidisha. Kwa msuguano wa kawaida, tuseme wa 0.3, mzunguko mmoja mzima unazidisha mshiko takriban mara sita na nusu. Mizunguko miwili, zaidi ya mara arobaini. Ndiyo maana uzi mmoja uliochomoza kwenye pindo la shati unatosha kuanzisha kazi. Mafuta yaliyoko juu ya chuma hayasaidii kitu. Mara nyingi hukigandisha kitambaa kwenye uso wa shafti, na mzunguko wa kwanza ukapatikana hapo.

Kutokana na hesabu hiyo ndipo inatoka sheria inayowashangaza wageni kuliko zote: usivae glovu. Katika kazi nyingine nyingi za ufundi glovu ni kinga, na mtu aliyefundishwa kujikinga huona vibaya kuikaribia mashine mikono mitupu. Lakini fikiria kidole kitupu kikigusa kipande kinachozunguka: kitachubuka, kitaungua, pengine kitakatwa, kisha kwa kawaida kitatupwa pembeni. Kidole kilichomo ndani ya glovu hakitupwi. Glovu inanasa, inajizungushia, na kidole kinafuata. Msimamo wangu hapa hauna mashaka: chuma kikiwa na makali ya kukuchana, vaa glovu unapokibeba mashine ikiwa imezimwa, kisha vua kabla ya kuwasha.

Sheria hiyo hiyo inapita kwenye kila kinachoning'inia. Pete, bangili, saa, mkufu, tai, kitambulisho kilichofungwa shingoni, waya wa kusikilizia muziki, kamba za aproni zilizofungwa kwa mbele, skafu, ncha ya mtandio. Anayejifunika kichwa achome ncha zote ndani ya vazi la juu, tena kwa kitambaa kinachobana. Mikono ya shati iwe mifupi au ikunjwe kwa ndani mpaka juu ya kiwiko. Ikikunjwa kwa nje, mkunjo wenyewe unakuwa mfuko wa kunasia. Nywele ndefu zifungwe na zifunikwe kabisa, kwa sababu mkia wa nywele uliofungwa kwa nyuma bado unaanguka mbele mtu anapoinama.

Aprili 2011, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, aliyekuwa akisomea fizikia na astronomia, alifariki katika karakana ya chuo baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya kukereza. Ilikuwa usiku na alikuwa peke yake. Nakitaja kisa hiki kwa heshima, kwa sababu kinaondoa ile dhana kwamba ajali hizi ni za wasiojua. Kujua fizikia ya mzunguko hakumwongezei mtu ile robo ya sekunde. Na aliyenaswa mara nyingi hawezi kukifikia kitufe cha kuzimia. Mwingine aliye karibu ndiye anayeweza. Usifanye kazi peke yako, hasa siku ambazo bado unajifunza.

Sehemu moja ya mashine husahaulika katika mazungumzo haya yote: skrubu ndefu na fito zinazopita mbele ya mashine, usawa wa mapaja, zinazoendesha kigari kinachobeba kisu. Nazo zinazunguka. Zinakwenda taratibu, kwa hiyo hakuna anayezitazama, lakini zinapokea nguvu kutoka mota ile ile, na pindo la aproni au koti linaloning'inia hulala juu yake mtu anapoegemea. Ukifika kwenye mashine mpya, zitafute kwa macho kwanza. Usiegemee mashine, hata ukichoka.

Kilichobanwa na kilichobana

Hapa ndipo ningependa anayeanza atumie muda mwingi kuliko anavyodhani anahitaji. Kipande kilichofunguka kwenye chaki ni kombora. Hakiendi moja kwa moja kuelekea upande fulani unaoweza kuukumbuka. Kinagonga kisu au reli za mashine, kisha kinaruka kokote.

Chaki ziko za namna mbili kuu. Chaki ya meno matatu husogeza meno yote kwa pamoja, kwa hiyo inajiweka katikati yenyewe. Inafaa kwa fito za mviringo na za pembe sita. Chaki ya meno manne kwa kawaida husogeza kila jino peke yake; inachosha kuipanga, lakini ndiyo inayofaa kwa kipande cha mraba au chenye umbo la ajabu. Anayelazimisha kipande cha mraba kwenye meno matatu anapata sehemu mbili tatu ndogo za kugusana, na mgandamizo wa kisu unatosha kukigeuza. Vivyo hivyo kwa kipande kilichoshikwa kwa ncha tu za meno, au meno yaliyofunguliwa mpaka yakatokeza mbali nje ya mwili wa chaki: ndani, meno hayo yamebaki yameshikwa na nyuzi chache za skrubu. Chukua chaki kubwa zaidi, au geuza meno.

Urefu unaotokeza nje ya chaki una hesabu yake. Kipande kilichoshikwa upande mmoja hupinda kwa kadiri ya urefu wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe: ukiongeza urefu mara mbili, kwa mgandamizo ule ule kinapinda mara nane. Kwa hiyo mafundi huweka mpaka wa takriban mara tatu ya kipenyo. Fito ya milimita 20 itokeze milimita 60 hivi. Ikihitajika zaidi, ncha yake ya pili itobolewe kidogo na ishikwe na senta (ncha iliyochongoka) iliyoko kwenye kichwa cha nyuma cha mashine. Fito isiyo na msaada hupinda chini ya kisu, kisha hukipanda kisu, na hapo aidha inakunjika au inang'oka.

Kuna urefu mwingine usioonekana. Fito ndefu huingizwa kupitia tundu la katikati ya kichwa cha mashine, na mkia wake ukatokeza upande wa pili, kushoto, mahali ambapo fundi hatazami. Fito ikiwa nyembamba na mkia ukiwa mrefu, kupinda kidogo tu kunavutwa nje na mzunguko, mvuto huo unaongeza kupinda, na kupinda kunaongeza mvuto. Kufumba na kufumbua fito inakunjika kwa pembe ya mraba na kuanza kupiga kila kilicho karibu kwa mamia ya mapigo kwa dakika. Yeyote anayepita upande ule atapigwa. Kata fito iwe fupi kabla ya kuiingiza, au itegemeze ndani ya bomba lililofungwa imara.

Kisha ufunguo wa chaki. Ukisahauliwa ndani ya chaki na mashine ikawashwa, unarushwa. Zipo funguo zenye springi ambazo hujitoa zenyewe, na ni jambo jema, lakini tabia inafaa zaidi kuliko springi: mkono usiuachie ufunguo ukiwa bado ndani ya chaki. Si kwa sekunde moja ya kuchukua kipimo, si kwa kumwitikia anayekuita. Ama mkono umeushika, ama uko kwenye ndoano yake. Ukiona mtu anauacha ufunguo kwenye chaki "mara moja tu" huku mashine imezimwa, unaweza kumwambia bila kumvunjia heshima, hata akiwa amekuzidi umri na uzoefu.

Mwisho wa kupanga, kabla ya umeme, zungusha chaki kwa mkono mzunguko mmoja mzima. Utaona kama meno yatagonga kigari, kama kipande kinayumba, kama ufunguo umebaki. Ni sekunde tano. Sijui tendo jingine dogo linalozuia mabaya mengi hivyo. Na kama kigari kitajiendesha chenyewe, kisogeze kwanza kwa mkono njia yote kitakayopita, ili ujue ni wapi utakapolazimika kukisimamisha kabla hakijaifikia chaki.

Mwendo gani?

Anayeanza huuliza swali hili kana kwamba jibu ni namba moja ya mashine. Kisu hakijali mashine inazunguka mara ngapi. Kinachokihusu ni kasi ya chuma kinachopita mbele ya ncha yake. Kasi hiyo hupimwa kwa mita kwa dakika. Kwa chuma laini na kisu cha haispidi (chuma kigumu cha kutengenezea visu), mita 25 hadi 30 kwa dakika ni mwanzo mzuri. Alumini huvumilia 60 na zaidi. Ili kupata mizunguko, zidisha kasi hiyo kwa 318 kisha gawanya kwa kipenyo kwa milimita. Chuma laini cha milimita 50 kwa kasi ya 30: 318 mara 30 gawanya kwa 50, yaani takriban mizunguko 190 kwa dakika. Kipande cha milimita 10: takriban 950.

Tazama kilichotokea hapo. Kipande kikubwa kinataka mizunguko michache, kidogo kinataka mingi. Kosa linaloumiza ni kumaliza kazi ya fito nyembamba kwa mizunguko 950, kisha kufunga diski pana na kuwasha bila kubadilisha chochote. Ukingo wa diski ya milimita 200 kwa mizunguko 1,000 unakwenda karibu kilomita 38 kwa saa. Na nguvu inayoyavuta meno ya chaki kwenda nje hukua kwa mraba wa mizunguko: mizunguko ikiongezeka mara mbili, mvuto unakuwa mara nne. Meno yanayobana kwa kusukuma ndani yanalegea kwa kadiri hiyo, wakati ule ule ambao kipande kinavutwa kwa nguvu zaidi. Chaki nyingi zimegongwa namba ya mizunguko ya juu kabisa, isome, usiipite.

Mwendo ukiwa mdogo kuliko unaofaa, hasara huwa ni uso wa kipande kukwaruzika na muda kupotea. Ukiwa mkubwa mno, hasara ni kisu kuungua au kipande kung'oka. Kwa hiyo mwanafunzi asiye na hakika apunguze. Gia zibadilishwe mashine ikiwa imesimama kabisa, na mkono usitumike kamwe kuisimamisha chaki inayomalizia kuzunguka.

Ncha ya kisu na maranda yake

Ncha ya kisu iwe usawa wa katikati ya kipande. Ikiwa juu, kisu kinasugua badala ya kukata. Ikiwa chini, hasa kwenye kazi ya kukatia fito vipande, chuma hukipanda kisu na kukivuta ndani. Kipimo chake ni rahisi: mashine ikiwa imezimwa, weka rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na fito, ukiibana kwa wepesi. Rula ikisimama wima, kisu kiko sawa. Juu yake ikiinamia kwako, kisu kiko chini. Ikiinamia upande wa pili, kiko juu. Na kisu chenyewe kitokeze kwenye kishikizo kidogo iwezekanavyo.

Gurudumu linaloingiza kisu nalo lina mtego wake. Katika mashine nyingine, namba kwenye gurudumu huonyesha umbali kisu kilivyosogea, kwa hiyo ukiingiza milimita 1 kipenyo kinapungua milimita 2, kwa kuwa chuma kinaondolewa pande zote. Nyingine zimeandikwa kwa kipenyo moja kwa moja. Jaribu kwa kukata kidogo, simamisha, pima, ndipo ujue mashine yako ni ya namna gani. Asiyejua hukata mara mbili ya alichokusudia, na mara mbili huwa nzito kuliko kipande kinavyoweza kubeba.

Maranda ya chuma yanastahili hofu yake. Maranda mafupi yanayokatika ni rafiki. Yale marefu, yanayotoka kama utepe usioisha, yana kingo zinazokata kama wembe, na yakiwa ya rangi ya buluu maana yake yamefikia joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Utepe huo ukijizungusha kwenye chaki unakuwa mjeledi, na ukimzunguka mtu kidole humvuta. Mkono hauendi hapo. Simamisha mashine, tumia ndoano na brashi. Ndoano isiwe na pete ya kuingiza kidole, kwa sababu ikinasa itaondoka na kidole. Usipulize kwa upepo wa kompresa, maana chembe hizo zitaishia machoni. Dawa ya kweli ni kuzuia utepe usizaliwe: ongeza kidogo mwendo wa kisu, au tumia kisu chenye mfereji unaovunja maranda. Miwani ya kinga haivuliwi muda wote ulio ndani ya karakana, hata kama mashine yako imezimwa, maana ya jirani inafanya kazi.

Maranda ya magnesi yanaweza kuwaka, na moto wake maji huuchochea. Usikereze chuma usichokijua ni cha aina gani.

Mikono inapokaribia

Zipo kazi tatu ambazo huisogeza mikono karibu na kipande kinachozunguka: kupiga tupa, kupiga msasa na kufuta. Ya tatu iondoe kabisa. Tambara ndilo kitambaa kinachonasa upesi kuliko chote, na mafuta ya kupozea yapakwe kwa brashi, si kwa tambara. Kupima pia hakufanywi kipande kikizunguka.

Tupa iwe na mpini. Ikigonga jino la chaki bila mpini, mkia wake uliochongoka unaingia kiganjani. Mpini ushikwe kwa mkono wa kushoto na ncha kwa wa kulia, jambo ambalo mwanzoni huhisi kinyume. Sababu ni mahali chaki ilipo: iko kushoto kwako, na ukiushika mpini kwa mkono wa kulia kama ulivyozoea, mkono wa kushoto unapita juu ya chaki ili kuifikia ncha ya tupa.

Msasa usizungushwe kwenye kipande kisha ukashikwa ncha mbili zikiwa zimekutana mkononi. Ile hesabu ya mshiko unaozidishwa inarudi hapa kamili. Uwekwe juu ya tupa au kipande cha ubao na usukumwe kwa kugusa upande mmoja tu. Katika tundu, kidole chenye msasa hakiingizwi kamwe. Funga msasa kwenye kijiti.

Ukikereza mbao

Karibu mwaka 1800, fundi Mwingereza Henry Maudslay alitengeneza mashine ya kukatia nyuzi za skrubu ambayo kisu chake kilishikwa na kigari cha chuma, si mkono wa mtu. Si yeye wa kwanza kulifikiria hilo, lakini baada yake ndivyo mashine za chuma zilivyoenea. Kukereza mbao kumebaki kwa desturi ya zamani: fundi ameshika patasi mwenyewe, ameiegemeza kwenye egemeo, na nguvu yote ya mbao inayozunguka inafika kwenye mikono yake. Kwa hiyo hatari inahamia kwingine. Patasi ikiingia vibaya, mbao inaikamata kwa kishindo, na patasi inapigwa chini au kipande kinapasuka.

Kukamatwa huko kuna sababu moja kubwa: makali yamegusa mbao bila kutegemezwa. Mpangilio salama ni huu. Patasi iguse egemeo kwanza. Kisha mgongo wa makali, ile sehemu iliyonolewa kwa mshazari, ulale juu ya mbao ukisugua bila kukata. Ndipo mpini uinuliwe taratibu mpaka makali yaanze kula. Anayeanzisha kwa ncha ya makali hewani anabahatisha. Egemeo liwe karibu, milimita 3 hadi 6 kutoka kwenye mbao, kwa sababu kadiri patasi inavyotokeza ndivyo mbao inavyopata mkono mrefu wa kukushinda. Na lisogezwe kila kipenyo kinapopungua, mashine ikiwa imesimama. Patasi pana ya kuondolea magamba ni ya fito zilizoshikwa kati ya senta mbili. Usiipeleke kwenye bakuli, ambako nyuzi za mbao hukatwa kwa kupokezana, mara ubavu mara kichwa, na shina jembamba la patasi hiyo linaweza kuvunjika.

Kwa mwendo, wakerezaji wa mbao hutumia kipimo hiki: kipenyo kwa milimita ukizidisha kwa mizunguko kiwe kati ya takriban 150,000 na 225,000. Bakuli la milimita 250, basi, ni mizunguko 600 hadi 900. Hiyo ni kwa mbao iliyokwisha kuwa mviringo; gogo lenye pembe lianze chini sana, na uongeze pale tu mtikisiko unapoisha. Miwani peke yake haitoshi hapa. Vaa ngao ya uso mzima, na usisimame kwenye mstari wa kipande unapowasha. Tafuta nyufa na mafundo kabla ya kufunga. Vumbi nalo si la kudharau: wakala wa Shirika la Afya Duniani unaotafiti saratani, IARC, uliliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Vaa barakoa, na vumbi livutwe na mashine yake.

Siku za kwanza

Ningemwanzisha mwanafunzi bila umeme kabisa. Asimame mahali atakapofanyia kazi, atafute kitufe chekundu cha dharura akiwa amefumba macho, arudie mpaka mkono uende wenyewe. Kama mashine ina breki ya mguu, mguu nao uijue. Asogeze kila wenzo, aone kinachosogea. Afunge na kufungua kipande mara kadhaa.

Kisha alumini au chuma laini cha milimita 25 hivi, kipande kifupi kilichoshikwa vizuri, mizunguko 300 au 400, na kazi ya kusawazisha uso wa mbele peke yake. Baadaye apunguze kipenyo kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Mwendo wa kujiendesha uje baada ya mikono kujua mgandamizo wa kawaida ukoje, kwa sababu mashine ikijiendesha, mtu haihisi tena ikilalamika. Masikio nayo yanajifunza: mlio wa kukwaruza wa juu maana yake kitu kinatetemeka, pengine kipande kimetokeza mno au kisu kimelegea. Usiuvumilie. Ondoa kisu kwenye kipande, zima, tafuta chanzo. Na jambo lolote la ghafla likitokea, zima kwanza. Usinyooshe mkono kuokoa kipande.

Kukata fito kuwa vipande kwa kisu chembamba kuachwe mpaka hayo yote yamezoeleka. Ni kazi inayofundisha unyenyekevu: mwendo mdogo, kisu karibu kabisa na chaki, kigari kimefungwa kisisogee, na kipande kisiwe kimeshikwa na senta upande wa pili, maana kikikatika kitajibana na kuruka. Kukata nyuzi za skrubu kuje baadaye zaidi, kwa sababu huko kigari kinakwenda kasi kuelekea chaki na mkono unapaswa kukifungua kwa wakati wake. Fanya mara za kwanza na mwalimu amesimama ubavuni, mkono wake ukiwa karibu na kitufe.

Kazi ikiisha, zima umeme wa ukutani, ondoa kisu au kifunike kabla ya kusafisha, fagia maranda kwa brashi mpaka chini ya miguu, kwa sababu maranda yenye mafuta sakafuni humtelezesha mtu na kumwangusha kwenye mashine. Rudisha gia kwenye mwendo wa chini, ili atakayefuata asiwashe kwa mwendo wako.